Jiwe la Buluu Ndani ya Gundi

Gundi ilikuwa na mrututu, na watoto walikuwa wameshailamba.

Fundi aliyajua hayo mawili kwa mpigo, akiwa amesimama mlangoni na furushi la karatasi begani. Watoto walikuwa wamekaa mkekani kuizunguka ndoo, kila mmoja na kidole kimelowa mate. Yule mvulana waliyemwita Kibogoyo, kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, ndiye aliyesema:

"Babu Gundi, uji wako leo una ladha ya msumari."

Wenzake wakacheka. Fundi hakucheka. Aliliteremsha furushi polepole kama mtu anayeweka mayai chini.

Asiyeujua mrututu na aambiwe. Ni jiwe la buluu, zuri kwa macho kuliko kito, na fundi wa kujalidi vitabu hulitia kwenye gundi ya unga ili mende na panya wasile kazi yake. Panya akiila gundi hiyo hafiki mbali. Mtoto je? Fundi alikuwa amejalidi vitabu tangu ndevu hazijamwota, na baba yake kabla yake, na swali hilo halijawahi kumpitia kichwani, kwa sababu karakanani kwake hakuna aliyewahi kulamba gundi.

Lakini hapa hapakuwa karakanani. Hapa palikuwa chumbani kwa dada yake.

Nyumba ilikuwa moja, ya urithi, na ukuta katikati. Upande wa nyuma fundi alishona vitabu na kuvivika majalada. Upande wa mbele dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alilea watoto wadogo ambao wazazi wao hushinda kazini. Wiki iliyopita Mwalimu aliwatengenezesha vichwa vya wanyama. Unapuliza puto, unalibandika vipande vya magazeti vilivyolowa gundi, tabaka juu ya tabaka, likikauka unalitoboa puto na kubaki na kichwa cha tembo au cha simba. Gundi yake ilikuwa unga wa ngano na maji baridi, basi. Hazikupita siku nyingi vichwa vikaota kuvu, na panya wakaja wakala masikio ya tembo yote mawili. Watoto walilia kama waliofiwa.

Ndipo akamwendea kaka yake.

"Unga usiopikwa si gundi," fundi alimwambia. "Ni tope jeupe."

"Basi ninunue ile gundi ya maseremala?"

"Inashika, ila haitoki nguoni. Mama zao watakuja kukuchuna ngozi."

"Wanga wa muhogo?"

"Ukikauka juu ya puto unapasuka kama kisigino kisichojua mafuta."

"Haya, bingwa, sema wewe."

"Ngano hiyo hiyo, lakini ipikwe. Niachie mimi. Kesho asubuhi nakupikia ndoo nzima."

"Usinipikie kama ulivyowapikia wakwe zako, madonge matupu."

"Wakwe walikula, na mke wakanipa."

"Walikuonea huruma tu."

Asubuhi ile fundi alipika kama alivyofundishwa na baba yake. Alikoroga unga kwa maji baridi mpaka madonge yakaisha, akamimina maji yanayochemka huku akikoroga, akaendelea mpaka weupe ukafifia na gundi ikaanza kuvutika kwenye mwiko kama kamasi. Kisha mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya kila asubuhi. Ukafungua kopo la rafuni, ukatoa jiwe, ukalitumbukiza. Hakuufikiria mkono. Nani hufikiria mkono wake unapofunga kifungo cha shati? Siku nyingine hulitwanga kwanza likawa unga. Siku hiyo dada yake alikuwa akimwita ng'ambo ya ukuta, "Kaka, watoto washafika, we bado unapiga makasia humo?" Akalitia zima, kubwa kama kokwa ya tende. Mwalimu akaja akaibeba ndoo ingali na joto, naye akabaki nyuma akifunga furushi la vipande vya karatasi.

Mwalimu naye alikuwa na mazoea yake. Kitu chochote kipya kikiingia chumbani, kiwe chaki, sabuni au udongo wa kufinyanga, kila mtoto alikigusa kwa ncha ya ulimi mbele yake. Alisema mtoto akishaijua ladha ya kitu hana haja ya kukiiba. Na kweli, chaki zake hazikuibwa. Alikuwapo mmoja tu asiyetibika kwa dawa hiyo, naye ni mjukuu wa fundi mwenyewe, mtoto wa binti yake. Walimwita Mchwa kwa kuwa alikula karatasi, mkaa, hata ukosi wa gauni lake. Mama yake alikuwa dobi wa hoteli. Humwacha hapo alfajiri na kumchukua jioni.

Mazoea ya kaka na mazoea ya dada yalikutana ndani ya ndoo moja.

Tusimpambe fundi. Wazo lake la kwanza halikuwa watoto. Wazo la kwanza lilikuwa: nani anajua? Akawapitia kwa macho mmoja mmoja na wazazi wao. Baba wa huyu ni askari. Mama wa yule ni mshona nguo mwenye mdomo kama tarumbeta. Likitoka neno moja, chumba cha dada kimefungwa kabla ya adhuhuri, na yeye yuko ndani. Wazo la pili likaja na ujanja wake. Jiwe lilikuwa zima, na jiwe zima haliyeyuki upesi kwenye gundi nzito. Kama lingali chini ya ndoo, basi watoto wamelamba harufu tu. Alitoe, aimwage gundi, yaishe.

"Gundi imechacha," alisema. "Nendeni wote bombani mkasukutue. Mteme, msimeze. Upesi!"

"Imechacha vipi na bado ina joto?" Mwalimu aliuliza.

"Unga ulikuwa wa zamani."

"Uliununua jana, mimi nikiwa nimesimama hapo."

"Dada, nitakueleza. Waoshe kwanza."

Akapiga goti, akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono ndooni mpaka kiwiko. Watoto waliokuwa wakitoka wakageuka kutazama.

"Babu anatafuta nyama kwenye uji!" Kibogoyo alipiga kelele.

"Mpishi mwenyewe kaificha, sasa kasahau!"

Vidole vya fundi vilipapasa chini ya ndoo, pembeni, tena chini. Akakamata kitu kigumu. Lilikuwa donge, likapondeka. Alirudia. Safari hii vidole vilirudi vitupu. Akaiburura ndoo hadi uani, akaimwaga yote, akaitandaza kwa viganja kama anayeanika mpunga. Jiwe halikuwamo.

"Unatafuta nini?" Mwalimu alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Pete."

"Tangu lini unavaa pete?"

Fundi akainuka. Aliwafuata watoto bombani, akachuchumaa, akaongea kwa sauti laini isiyo yake.

"Wajukuu zangu, nani aliikoroga ile ndoo?"

"Mchwa! Mwalimu alipokwenda kuchukua maputo, Mchwa akashika mwiko."

"Akapata peremende," akasema msichana mmoja, bado ana kinyongo. "Ya buluu. Nikamwambia nipe hata nilambe tu, akakataa. Mchoyo yule!"

Fundi alitazama safu ya watoto, nyuso zimelowa maji. Mchwa hakuwamo.

Hapo angeweza kupiga ukelele. Dada yake alikuwa karibu, mtaa umejaa watu, barabarani pikipiki zinapita. Neno lilimfika kooni, likarudi. Badala yake alitafuta kimya kimya, kama mwizi ndani ya nyumba ya baba yake. Chini ya meza. Chooni. Nyuma ya marundo ya karatasi karakanani. Kila mlango alioufungua alitazama sakafuni kwanza, akitarajia kuona miguu midogo imenyooka. "Mchwa," alikuwa akinong'ona. "Mama. Njoo kwa Babu." Alitaka mtoto amsikie, na hakutaka mtu mwingine yeyote amsikie, na sauti ya namna hiyo haifiki popote.

Alimkuta kwenye stoo ya Mwalimu, ameketi gizani, amejivika kile kichwa cha tembo kisicho na masikio. Fundi akakivua kwa mikono miwili. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya buluu pembeni, na mate yalikuwa yakimtoka mengi mpaka kidevuni.

"Peremende iko wapi?"

Mchwa alifungua kiganja. Kilichobaki kilikuwa kama punje ya mchele.

"Si tamu," alisema.

"Nyingine umetema?"

Mtoto alimtazama babu yake usoni, akaona jibu linalotakiwa.

"Nimetema."

"Wapi?"

Akaonyesha sakafu. Sakafu ilikuwa kavu.

Fundi aliona kwamba ni kavu. Hata hivyo alisema, "Vizuri, mama," akajiambia kwamba jiwe limeyeyukia kwenye gundi kabla mtoto hajalipata, kwamba gundi ilikuwa moto sana, kwamba huenda jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko anavyolikumbuka. Akampeleka nyuma, akamwosha mdomo, akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe.

"Babu, tumbo linauma."

"Litapoa. Usimwambie mtu, sawa? Ukisema, Babu watamchukua."

"Watampeleka wapi?"

"Nyamaza, mama. Nyamaza tu."

Mchwa akanyamaza. Alikuwa mtoto mtiifu kwa kila kitu isipokuwa kula.

Waliporudi, Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya jiko lake na sufuria. "Pika nyingine," alimwambia kaka yake. "Hapa hapa, nikikuona. Siwezi kuwaweka watoto bure asubuhi nzima."

Akapika. Unga na maji, basi. Mwiko ulikuwa ukigonga sufuria tik-tik-tik, na Mwalimu alikuwa akiutazama mkono, si gundi. Ilipoiva, Mwalimu akaichukua. Akaipooza, akaipeleka, akawaonyesha watoto jinsi ya kuchovya kipande cha gazeti na kukikamua kwa vidole viwili, kisha kukilaza juu ya puto bila mikunjo.

Fundi alikaa kwenye kigoda akiwalinda kama anayelinda maziwa yasifurike. Mtoto akikohoa, anashtuka. Mtoto akijinyoosha, anamwangalia macho. Alijaribu kukumbuka amewahi kusikia nini kuhusu mrututu na watu. Alikumbuka baba yake akinawa mikono mara mbili kabla ya kula, na hakuwahi kueleza kwa nini.

"Babu Gundi, kichwa chako kama puto," Kibogoyo alimwambia. "Tukubandike?"

"Tumbandike! Atakuwa kiboko!"

Wakambandika vipande vitatu vinne kwenye upara. Fundi aliwaacha. Gundi ilimtiririka shingoni, ikachanganyika na jasho, na watoto wakacheka mpaka wakaanguka, isipokuwa mmoja aliyeegemea ukuta.

Walimaliza tabaka la kwanza. Wakaanza la pili.

Kibogoyo ndiye aliyetapika kwanza, juu ya miguu yake mwenyewe. "Joto hili," Mwalimu alisema, akamfuta. Kisha yule msichana mwenye kinyongo. Fundi akamshikia beseni, akakodoa macho ndani yake. Maji na unga mweupe, hakuna zaidi. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akageuka kumtazama mjukuu wake.

Mchwa alikuwa amezungukwa na magazeti. Vipande vilikuwa mapajani, miguuni, mkononi. Hakuwa ametia hata kimoja mdomoni. Hilo ndilo lililomtia fundi hofu kuliko mate, kuliko midomo, kuliko yote. Akanyanyuka. Kabla hajamfikia, mtoto akainama mbele bila sauti na kutapika juu ya karatasi, na kilichotoka kilikuwa cha kijani na buluu kama kutu ya bomba la shaba.

Mwalimu alikiona. Alikuwa mtoto wa baba yule yule, na utotoni kuosha vyungu vya karakana ilikuwa kazi yake.

"Mrututu," alisema. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu nilipoingia na furushi."

Mwalimu aliyageukia maputo. Yalikuwa yamepangwa dirishani, na tabaka la kwanza la yale ya mwanzo lilikuwa limeshaanza kukauka na kukakamaa. Muda wote ambao kaka yake alinyamaza ulikuwa pale, umebandikwa. Fundi alingoja tusi. Halikuja. Dada yake alimwinua Mchwa, akamlaza begani.

"Mimi naenda naye. Wewe waite wazazi wa hawa wengine, mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Na safari hii usiwaambie imechacha."

Akatoka mbio, hana hata viatu, akasimamisha pikipiki ya kwanza katikati ya barabara kwa kujisimamisha mbele yake.

Fundi alianza na askari, kwa kuwa ndiye aliyemwogopa zaidi. Alipomaliza kusema, sauti upande wa pili wa simu ikasema, "Nakuja. Usiondoke hapo." Baada ya huyo wengine hawakuwa wagumu. Kila aliyefika alimkuta amesimama mlangoni na magazeti kichwani, kwa kuwa alikuwa amesahau kuyabandua, akirudia maneno yale yale: nimetia sumu, sikukusudia, mpelekeni hospitali. Mshona nguo alimpiga kofi. Askari hakumpiga. Alimkamata mkono akamtia ndani ya gari lake pamoja na Kibogoyo, wakaenda.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yake.

"Kala kiasi gani?"

Fundi akaonyesha kwa ncha ya kidole. "Kama kokwa ya tende. Ikabaki punje."

"Lini?"

Akaeleza lini. Daktari aliacha kuandika.

"Na alipolalamika tumbo ulimpa nini?"

"Maji."

"Basi?"

"Nikamwambia anyamaze."

Kwenye benchi la korido alingoja huku milango ikifunguka na kufungwa. Kila viatu vilivyopita alidhani vinakuja kumwambia. Wale wengine walitoka jioni, mmoja mmoja, wamelegea lakini wanatembea. Kibogoyo alikuwa keshaanza kulalamika njaa. Mchwa hakutoka. Muuguzi alipita na chupa ya mkojo wa mtoto, na mkojo ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Fundi alipoomba amwone, aliruhusiwa kusimama mlangoni tu. Weupe wa macho ya mtoto ulikuwa umegeuka njano. Alimwona babu yake. Hakuita. Alikuwa ameambiwa anyamaze.

Binti yake alifika na aproni ya kazini, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni. Mwalimu alikuwa ameshamweleza. Hakukaa.

"Baba, uliiona sakafu kavu?"

"Niliiona."

"Ukamwamini?"

"Nilitaka kumwamini."

"Ana miaka minne, Baba. Wewe una mingapi?"

Fundi alijaribu kumshika mkono, na mkono ukaondolewa, si kwa hasira, kama mtu anavyoondoa mkono wake kwenye kitu cha moto.

Siku zilizofuata alikuwa akija asubuhi na kukaa kwenye benchi lile lile. Alimwuliza daktari swali moja, akalirudia mpaka akajibiwa.

"Ningemleta pale pale?"

"Tungekuwa na nafasi zaidi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya figo. Figo ndizo zilizolipia kule kusubiri."

Mchwa hakufa. Alianza kukaa kitandani, kisha kusimama, kisha wakampeleka nyumbani amebebwa.

Gharama ni hii. Figo za mtoto zimebaki na nusu ya nguvu zake, hazitarudi, na atakwenda kliniki maisha yake yote. Hakimbii na wenzake, akikimbia anavimba miguu. Mama yake ameacha kazi ya hoteli ili ampeleke. Watoto wengine kumi na mmoja walipona, na wote kumi na mmoja wameondolewa. Chumba cha Mwalimu kimefungwa kwa amri, na mwenyewe anafua nguo za watu. Anaishi ng'ambo ya ukuta ule ule na hajamsemesha kaka yake tangu siku ile. Askari hakumpeleka fundi mahakamani, lakini vitabu vya ofisi na vya shule havimjii tena, kwa sababu hakuna mwalimu anayetaka kitabu kilichopita mikononi mwake. Binti yake amehama. Fundi humwona mjukuu wake siku za kliniki tu, kwenye benchi la korido, na binti yake hukaa katikati yao.